Kanali Mosby: Mpiganaji wa msituni aliyeipinga futiboli ya vyuo vikuu

STERLING, Virginia – Kila mwaka ifikapo mwezi wa Agosti, wazazi wanaoishi hapa Sterling, kiasi cha kilomita 40 kutoka Ikulu ya Marekani mjini Washington, huletewa na watoto wao fomu ya kutia saini. Fomu hiyo inamruhusu kijana wa sekondari kucheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kugombewa kwa kupigana vikumbo. Pamoja na fomu hutolewa maelezo kuhusu jeraha la ubongo linalotokana na kugongwa kichwa. Sheria ya Virginia inataka mzazi na mwanafunzi wayasome kila mwaka kabla kijana hajaingia uwanjani.

Kwa mzazi aliyekulia Tanga, Kisumu au Bukavu, ambako mpira huchezwa kwa miguu na jeraha kubwa ni la goti, fomu hii si jambo jepesi. Mtoto anataka kucheza na wenzake. Mama anaogopa. Baba anashika kalamu huku akijiuliza kama mchezo huu una faida inayolingana na hatari yake.

Swali hilo si geni katika eneo hili. Zaidi ya miaka 110 iliyopita liliulizwa mjini Washington na mzee wa miaka 75, mwenye jicho moja tu, ambaye hapakuwa na mtu wa kumwita mwoga. Mzee huyo ni Kanali John Singleton Mosby. Mashamba na vijito vya Sterling ya leo ndivyo vilivyokuwa uwanja wake wa vita.

Mosby alizaliwa tarehe 6 Desemba 1833 katika kaunti ya Powhatan, Virginia, na akakulia karibu na mji wa Charlottesville. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye afya dhaifu, na shuleni alionewa mara kwa mara na wavulana wenye miili mikubwa. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba katika ugomvi wa utotoni karibu kila mara alipigwa. Hata hivyo hakuwa na tabia ya kukimbia.

Mwaka 1850 aliingia Chuo Kikuu cha Virginia mjini Charlottesville. Alifanya vizuri katika Kigiriki na vibaya katika hesabu. Mwezi Machi 1853 akagombana na mwanafunzi mwenzake, George Turpin, kijana mwenye nguvu aliyejulikana kwa kuwapiga wengine. Turpin alipomjia, Mosby alitoa bastola akamfyatulia. Turpin alijeruhiwa lakini hakufa. Mosby alifukuzwa chuoni, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja jela na faini ya dola 500.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lisilotarajiwa. Akiwa jela alimwomba mwendesha mashtaka aliyemfunga, William Robertson, amwazime vitabu vya sheria. Robertson akakubali. Mwezi Desemba mwaka huo huo gavana akamsamehe, naye Mosby akatoka jela akiwa ameshaanza safari ya kuwa wakili. Akafungua ofisi ya uwakili, na mwaka 1857 akamwoa Pauline Clarke, binti wa familia yenye jina huko Kentucky.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Mosby alikuwa miongoni mwa watu wa Virginia waliopinga jimbo lao kujitenga na Marekani. Lakini Virginia ilipojitenga, aliifuata. Alijiunga na jeshi la Kusini akiwa askari wa kawaida, asiye na cheo. Jeshi hilo lilikuwa likipigania serikali ambayo msingi wake ulikuwa utumwa wa watu weusi. Familia yake Mosby ilimiliki watumwa, na mmoja wao, Aaron Burgess, alimfuata vitani kumhudumia.

Kazi ya upelelezi ilimwonyesha kipaji chake. Mapema mwaka 1863 Jenerali Stuart, kamanda wa askari wa farasi, alimpa watu wachache abaki nao nyuma ya mistari ya adui katika kaunti za Fairfax, Loudoun na Fauquier. Watu hao walilala katika nyumba za wenyeji, wakaitwa kwa siri usiku, wakavamia kambi au msafara wa magari, kisha wakatawanyika kabla ya kupambazuka. Kikosi hicho baadaye kilikuwa Batalioni ya 43 ya askari wa farasi wa Virginia. Askari wa Kaskazini waliokuwa wakimsaka bila kumpata walimpa Mosby jina la Mzuka wa Kijivu, kwa rangi ya sare za Kusini.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Machi 1863 aliingia na watu 29 katika mji wa Fairfax, uliozungukwa na maelfu ya askari wa Kaskazini, akamkamata Jenerali Edwin Stoughton akiwa kitandani. Aliondoka naye pamoja na maofisa wawili, askari 30 na farasi 58, bila kupoteza mtu hata mmoja. Inasimuliwa kwamba Rais Abraham Lincoln alisikitikia farasi zaidi, maana jenerali mwingine angeweza kumteua siku yoyote, lakini farasi hununuliwa kwa fedha.

Wiki tatu baadaye vita vilifika hapa hapa. Wakati huo Sterling ilikuwa kituo kidogo cha reli kilichoitwa Guilford, na njia ya reli hiyo ndiyo ambayo leo watu wanakimbia na kuendesha baiskeli wakiiita W&OD. Kaskazini ya kituo, karibu na mahali ambapo kijito cha Broad Run kinaingia katika mto Potomac, palikuwa na shamba la mtu aliyeitwa Miskel. Mosby na watu wapatao 70 walilala hapo usiku wa tarehe 31 Machi. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili askari 150 hivi wa farasi kutoka jimbo la Vermont, wakiongozwa na Kapteni Henry Flint, waliwazingira farasi wakiwa hawajatandikwa.

Flint alikuwa na hakika ya ushindi kiasi kwamba alifunga lango nyuma yake ili Mosby asipate njia ya kutorokea. Mosby hakutoroka. Alitoka zizini kwa miguu, bastola mkononi, akawaamuru watu wake wawakabili adui. Flint aliuawa mwanzoni mwa mapambano, na askari wake walipogeuka kukimbia walikuta lango lile lile limewafungia wao. Zaidi ya 80 kati yao walitekwa.

Vita vya namna hii vilikuwa na upande wake mchungu. Mwezi Septemba 1864 askari wa Kaskazini waliwaua wafuasi sita wa Mosby katika mji wa Front Royal baada ya kuwateka, na wa saba akanyongwa mwezi uliofuata. Mosby aliamua kulipiza. Tarehe 6 Novemba mateka 27 walipangwa mstari, wakapigishwa kura ya nani afe kati yao. Kijana mdogo mpiga ngoma alichota kura ya kifo, akasamehewa kwa sababu ya umri wake, kura ikarudiwa. Kati ya saba waliochaguliwa, watatu walinyongwa, wawili walipigwa risasi lakini wakapona, na wawili walitoroka. Baada ya hapo Mosby alimwandikia Jenerali Sheridan wa Kaskazini akimweleza alichofanya na sababu yake, akisema kwamba tangu siku hiyo mateka wangetendewa kibinadamu kama naye Sheridan angefanya vivyo hivyo. Mauaji ya mateka yakakoma.

Vita vilipokwisha mwaka 1865 Mosby hakusalimisha kikosi chake. Tarehe 21 Aprili aliwakusanya watu wake, akawaaga, wakatawanyika kwenda makwao. Aliishi akiwindwa hadi Jenerali Ulysses Grant, aliyekuwa amiri jeshi wa Kaskazini, alipoamuru apewe nafasi sawa na wengine. Mwaka 1866 Pauline alikwenda mwenyewe kwa Grant kulalamika kwamba mumewe bado anakamatwa ovyo, na akarudi na barua ya kumlinda.

Mosby hakuusahau wema huo. Mwaka 1872 Grant, akiwa rais, alipogombea mara ya pili, Mosby alimpigia kampeni Virginia. Kwa watu wa Kusini hili lilikuwa kosa lisilosameheka. Watu waliomshangilia vitani sasa walimwita msaliti, wateja wa uwakili wakapungua, na mwaka 1877 alipigwa risasi usiku katika kituo cha reli cha Warrenton, ikamkosa. Mkewe alikuwa ameshafariki mwaka 1876, akimwachia watoto wadogo.

Serikali ikamtafutia kazi mbali. Kuanzia mwaka 1878 hadi 1885 alikuwa konsuli wa Marekani huko Hong Kong, ambako aligombana na maofisa wenzake kwa kufichua wizi wa ada za serikali. Aliporudi alifanya kazi ya uwakili wa kampuni ya reli ya Southern Pacific mjini San Francisco kwa miaka kama 16. Katika kipindi hicho, alipokuwa ziarani Charlottesville, alipigwa teke na farasi akapoteza jicho moja. Chini ya Rais Theodore Roosevelt alirudi katika kazi ya serikali, na kuanzia mwaka 1904 akawa wakili katika Wizara ya Sheria mjini Washington.

Katika uzee wake alisema jambo ambalo wenzake wengi wa Kusini walikuwa wakilikwepa. Wao walidai kwamba walipigania haki za majimbo. Mosby, katika barua aliyomwandikia rafiki yake wa zamani mwaka 1907, alieleza wazi kwamba chanzo cha vita kilikuwa utumwa, na kwamba hakuona sababu ya kujificha nyuma ya maneno mengine. Hakuomba radhi kwa kuipigania Virginia, lakini alikataa kuibadilisha historia. Aaron Burgess, aliyekuwa mtumwa wao, alihamia Brooklyn, New York, na Mosby aliendelea kumpelekea fedha.

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiishi Washington wakati msimu wa futiboli wa mwaka 1909 ulipofika.

Futiboli ya vyuo siku hizo haikufanana sana na ya leo. Wachezaji walivaa kofia laini ya ngozi, au hawakuvaa kabisa. Timu yenye mpira ilijikusanya kundi moja, wachezaji wakashikana na kumsukuma mwenzao mwenye mpira kuupenya ukuta wa wapinzani, na wapinzani nao wakajirundika juu yake. Mwaka 1905 watu wasiopungua 18 walikufa katika mchezo huu nchini kote. Rais Roosevelt, ambaye aliupenda mchezo na mwanawe aliucheza Harvard, aliwaita Ikulu viongozi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia njia ya kuunusuru. Mwaka 1906 kanuni zilibadilishwa na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, lakini misukumo ya makundi ilibaki.

Timu ya Chuo Kikuu cha Virginia ilikuwa na msimu mzuri mwaka 1909. Chini ya kocha John Neff ilishinda michezo 7 na kupoteza mmoja tu. Lakini kwingineko habari zilikuwa mbaya. Katikati ya Oktoba Earl Wilson, mchezaji wa chuo cha jeshi la majini huko Annapolis, alivunjika shingo akapooza, na akafa miezi kadhaa baadaye. Mwishoni mwa Oktoba Eugene Byrne wa chuo cha kijeshi cha West Point aliumia katika mchezo dhidi ya Harvard, akafa siku iliyofuata. West Point ilifuta michezo yake iliyobaki.

Jumamosi tarehe 13 Novemba, Virginia walikuja Washington kucheza na Chuo Kikuu cha Georgetown. Walishinda 21 kwa 0. Katika mchezo huo kijana wa miaka 18 kutoka Richmond, Archer Christian, aliubeba mpira kuelekea katikati ya mstari wa Georgetown, rundo la wachezaji likamwangukia. Alipelekwa katika hospitali ya Georgetown akivuja damu ubongoni. Asubuhi ya Jumapili alikuwa amekufa. Vyuo vyote viwili vilifuta michezo iliyosalia, na huo ndio ukawa mwisho wa msimu mzuri wa Virginia.

Kifo hicho kiliitikisa Virginia nzima. Wengine walisema ni bahati mbaya tu, kwamba vijana hufa hata kwa kuanguka na farasi. Wengine walidai kanuni zibadilishwe. Wengine walitaka mchezo upigwe marufuku kabisa. Miongoni mwa hawa wa mwisho alikuwa Kanali Mosby, mwanafunzi wa zamani wa chuo hicho hicho kilichomfukuza.

Katika barua alizoandika alitoa hoja ambazo hata leo mtu hawezi kuzipuuza. Kwanza, alilinganisha futiboli na ngumi za kulipwa, akisema haina nafasi mahali ambapo vijana wa nchi wanapelekwa kufundishwa. Pili, alikumbusha kwamba sheria ya Virginia inakataza kupiganisha majogoo, akauliza kwa nini jogoo alindwe na sheria kuliko mtoto wa shule. Tatu, na hapa ndipo alipowachoma wengi, alidai kwamba timu nyingi zimejaa wachezaji wa kukodiwa, na kwamba kinachotafutwa ni kutangaza jina la chuo na kukusanya fedha za kiingilio langoni. Ushujaa wa Virginia ya zamani, kwa maoni yake, haukuzaliwa ulingoni wala katika uwanja wa futiboli.

Baadhi ya watu walishangaa. Mtu aliyewapigisha mateka kura ya kifo anawezaje kuogopa mchezo wa vijana? Lakini Mosby hakuogopa damu. Yeye aliijua. Aliwahi kuona vijana wa miaka 18 wakifa katika mashamba haya ya Loudoun, na aliona kwamba kifo cha Christian hakikuwa na sababu hata moja ya kukieleza kwa wazazi wake. Huenda pia alikumbuka utoto wake, alipokuwa mwembamba akipigwa na wenye nguvu, na siku ile ya Turpin. Kwa maisha yake yote aliheshimu werevu na wepesi kuliko ukubwa wa mwili. Yeye mwenyewe alikuwa na uzito wa chini ya kilo 60.

Hoja yake haikushinda. Rais wa chuo, Edwin Alderman, alichagua njia ya mageuzi, na daktari wa michezo wa chuo, William Lambeth, akashiriki katika kamati ya taifa ya kanuni. Mwaka 1910 kanuni mpya zilitoka. Ilikatazwa kumsukuma au kumvuta mwenye mpira, na wachezaji kushikana ili kupenya kwa pamoja. Wachezaji saba walitakiwa kukaa kwenye mstari wa mbele. Mchezo ukagawanywa katika robo nne za dakika 15, ili vijana wapate kupumzika, na mchezaji aliyetolewa akaruhusiwa kurudi katika robo inayofuata. Mwaka huo huo Virginia na Georgetown wakarudi uwanjani.

Tukitazama nyuma, pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Wanamageuzi waliweza kupunguza vifo vya uwanjani, na mchezo ukaishi hadi kuwa mkubwa kuliko yote nchini Marekani. Lakini hatari haikuondoka, ilijificha tu. Mwaka 2002 daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu, alipokuwa akifanya kazi ya kuchunguza maiti mjini Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa zamani. Alikuta dalili za ugonjwa unaosababishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, na wenye ligi walimpinga kwa ukali kabla ya ukweli kukubalika. Mosby alizungumzia kijana anayekufa siku moja. Omalu alionyesha kwamba yupo pia anayekufa polepole. Na kuhusu fedha za langoni, mzee huyo hangeshangaa akiona mikataba ya televisheni ya vyuo vikuu vya leo.

Mosby aliachishwa kazi ya serikali mwaka 1910 kwa sababu ya umri. Mwezi Januari 1915 Chuo Kikuu cha Virginia kilimpelekea nishani ya shaba na maneno ya heshima, miaka 62 baada ya kumfukuza. Wanaomfahamu walisema aliguswa sana. Alifariki mjini Washington tarehe 30 Mei 1916, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa Warrenton.

Jina lake lilibaki katika eneo hili kwa zaidi ya karne moja, na halikuwa jambo jepesi kwa watu weusi wanaoishi hapa. Barabara ya 50 katika kaunti ya Loudoun ilibeba jina lake hadi bodi ya kaunti ilipopiga kura mwaka 2021 kulibadilisha, na sasa inaitwa Little River Turnpike. Kabla ya hapo, mwaka 2020, shule ya sekondari ya Loudoun County mjini Leesburg iliacha jina la timu zake, Raiders, yaani Wavamizi, lililotolewa kwa heshima ya kikosi cha Mosby. Sasa wanaitwa Captains. Kwa hiyo kwa miaka mingi vijana wa shule hiyo walicheza futiboli kwa jina la askari wa mtu aliyetaka futiboli iondolewe mashuleni.

Mtu anaweza kukataa vita alivyopigana Mosby, na ana kila sababu ya kuvikataa, lakini bado akalisikiliza swali lake la mwaka 1909. Hakuuliza kama kijana ni shujaa. Aliuliza ni nani anayefaidika kijana anapoumia, na nani anayebaki na msiba. Mzazi wa Sterling mwenye fomu mezani ana haki ya kuuliza hivyo hivyo: kocha amefundishwa kutambua jeraha la kichwa? Mtoto akigongwa, ni nani atakayeamua kwamba asirudi uwanjani siku hiyo? Wazazi wa Archer Christian hawakupewa karatasi ya kusoma wala mahali pa kutia saini. Siku hizi karatasi ipo, na inafaa isomwe hadi mwisho kabla ya kalamu kuguswa.